Ampuli ya Jumatatu ya Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilijikata kidole gumba na kumwaga vitamini ya mwezi mzima ya Madame mmoja kwenye aproni yangu mpya. Ilikuwa Novemba, katika nyumba ya wazee huko Etterbeek, saa moja na nusu ya asubuhi, na nje kulikuwa giza totoro. Mimi nilitoka Bukavu, ambako saa hiyo mtu ameshafua na kuanika. Nilidhani saa yangu imeharibika. Nikamuuliza bosi wangu, kwa adabu zote, kama tumewahi sana.

"Tumefika kwa wakati," akasema. "Jua ndilo linalochelewa. Litakuja, litasaini, litaondoka."

Huyo alikuwa Muuguzi Mkuu wangu wa kwanza, infirmière-chef kama wanavyosema hapa Brussels, mwanamke mrefu mwenye viatu visivyotoa sauti. Ulijua amesimama nyuma yako kwa harufu ya kahawa tu. Mimi nilikuwa aide-soignante, msaidizi wa wauguzi. Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna kompyuta ndogo mfukoni inayowaambia nani ameoga na nani amekula. Sisi tulikuwa na daftari, kalamu iliyofungwa kamba ili isiibwe, na miguu. Na ni habari ya miguu ninayotaka kuwaeleza, maana yangu ilikaribia kunitoa kazini kabla ya wakati, huku dawa yake nikiigawa mwenyewe kila mwezi kwa sinia. Mcheke tu. Mimi mwenyewe nimeshacheka.

Basi kazi ilikuwa hivi. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, tangu Oktoba majani yanapodondoka mpaka Aprili, kila mkazi alipewa ampuli moja ya vitamini D. Ampuli ni kichupa cha kioo, kidogo kama kidole cha mtoto, chenye shingo unayoivunja. Muuguzi anaandaa, msaidizi anapeleka. Kuna kitone cha rangi kwenye shingo: kikutazame wewe, uzungushie kipande cha shashi, uvunje kwa kusukuma nje. Mimi nilivuta ndani. Ndiyo sababu ya kile kidole. Dawa yenyewe ni ya mafuta, na inapenda mafuta mwilini, kwa hiyo tuliimimina juu ya mkate wenye siagi.

"Moja kwa mwezi," alisema Muuguzi Mkuu, akinifunga bandeji. "Si mbili kwa sababu anakohoa, wala sifuri kwa sababu amelala. Vitamini hii hutengenezwa na ngozi ikipigwa na jua. Bila hiyo mifupa haipokei chokaa yake, misuli inalegea, mzee anaanguka. Na jua la huku wakati wa baridi liko chini mno. Linachungulia juu ya mapaa, basi."

Niliwaonea huruma watu wa huku. Watu wazima, wamejenga treni na majumba, halafu jua wanalinunua duka la dawa! Nikajiambia: asante Mungu, mie nilikuja na langu.

Ile nyumba ya Etterbeek ilikuwa na Mkurugenzi aliyeipenda veranda yake kuliko mkewe, na hilo mkewe ndiye aliyetuambia. Ilikuwa veranda ya vioo kuanzia sakafuni mpaka juu. Wingu likifunguka tu mwezi wa Januari, kengele inalia, na sisi wasaidizi tunakimbiza viti vya magurudumu kutoka ghorofa nne, tukigongana kwenye lifti, ili wazee wapate "tiba ya jua". Tuliwapanga safu tatu, nyuso juu. Mara nyingi safu ya pili inapokamilika, wingu limerudi. Baada ya misimu mitatu ya baridi ya mbio hizo, Daktari wa nyumba alikuja kunywa chai, akatazama, akamwambia Mkurugenzi kwamba kioo huzuia ule mwanga hasa unaotengeneza vitamini. Joto linapita, faida inabaki nje.

Mkurugenzi alizitazama zile safu tatu. "Basi tusiwaambie," akasema. "Wamezoea."

Tukaendelea kukimbiza viti.

Nilikaa pale miaka mingi, kisha nikahamia Koekelberg, nyumba ndogo zaidi, ambako madirisha ya ghorofa ya tatu yanatazama kuba la kanisa kubwa la Basilika. Muuguzi Mkuu wa huko alikuwa kinyume cha yule wa kwanza: mfupi, mwepesi, anaongea huku anatembea. Kila asubuhi alituketisha kwa dakika kumi kwenye kikao cha kupokezana zamu, tunasema mkazi kwa mkazi amelalaje, amekula nini, ameanguka au hakuanguka. Alikuwa mkali lakini hakuwa na kinyongo. Nilimpenda, ingawa nilimwogopa.

Huko ndiko alikoletwa Papa Mushagalusa, mzee wa Bukavu, mjane, zamani mkaguzi wa shule za msingi. Wanawe walikuwa kazini mchana kutwa na yeye alishaanguka mara mbili jikoni, mara ya pili akavunjika mkono. Sisi wawili tu ndio tuliozungumza Kiswahili mle ndani, kwa hiyo nikapewa yeye. Nilimwita Papa Inspecteur, yaani Papa Mkaguzi. Jumatatu yake ya kwanza nilimpelekea mkate wake, umeshamiminiwa dawa. Hakuugusa.

"Maman, hii kintu imefunguliwa wapi?"

"Kule ku kigari ya dawa, papa. Muuguzi njo amefungua."

"Na weye uliona na macho yako?"

"Apana, papa."

"Bon. Rudisha."

Nilielewa mara moja, na aibu ikanishika kwamba sikufikiria. Kwetu Bukavu kinywaji hakifunguliwi jikoni. Kinafunguliwa mbele ya mgeni, na mwenyeji anaonja kwanza ili mgeni aone hakuna kitu ndani. Si kwamba tunashukiana. Bon, ni kwamba tunashukiana, lakini kwa heshima. Muuguzi Mkuu hakujua hayo. Alikuwa ameshashika kalamu kuandika kwenye faili kwamba mkazi anaamini anawekewa sumu. Kwenye kikao nilimweleza.

"Yaani kwenu kila mwenye nyumba lazima athibitishe kwamba si muuaji?" akauliza.

"Ndiyo, Madame. Halafu tunakula vizuri sana."

Alicheka mpaka akaketi, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Akaandika: ampuli ifunguliwe mbele yake, na Maman Nabintu, yaani mimi.

Kuhusu kuonja sikumwambia. Dawa ya mkazi ni ya mkazi. Ukiilamba ni kosa la kazi. Kwa hiyo nilibuni ujanja: nilivunja shingo mbele ya Papa, nikamimina kwenye kijiko, nikakigusisha kwenye midomo yangu iliyofungwa, nikasema "mmm", kisha nikampa. Alikunywa. Mwezi uliofuata vivyo hivyo. Nilijiona fundi.

Sasa miguu. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Mapaja yalianza kuwa mazito, mbavu zikawa zinauma nikijigeuza kitandani, na kuinuka kutoka kiti kifupi ikawa shughuli ya kupangwa. Nilijua kinachokuja. Kila mwaka, mwezi wa Mei, tulipita kwa Daktari wa Kazi, yule anayeamua kama mwili wako bado unaifaa kazi. Anakwambia chuchumaa, inuka, beba hiki; Mei iliyotangulia nilipita kwa taabu. Akiandika kwamba hufai, hupewi tena ghorofa ya wazee; unakwenda nyumbani. Na nyumbani kwangu kulikuwa na nini? Mume alishafariki, watoto wametawanyika na kazi zao. Wazee wale ndio waliojua kama nimesuka nywele. Niliogopa ile Mei kuliko nilivyoogopa kitu chochote tangu nishuke treni Gare du Midi na begi moja.

Kwa hiyo nikaficha. Ninyi hamjui ufundi wa kuficha magoti! Ngazi nilipanda nikiwa nimebeba shuka, ili nikisimama katikati ionekane nazipanga. Dada yangu wa kanisani, Maman Espérance, alisema kuna muntu amenifunga miguu, tukaitisha maombi. Walinipigisha magoti, wakaomba kwa nguvu, kisha dada wawili wenye mikono ya kuteka maji wakaninyanyua kwa makwapa. "Ameinuka!" wakapiga kelele. Nilitoa ushuhuda Jumapili iliyofuata nikiwa nimekaa.

Nikanunua mafuta ya kuchua ya kila rangi. Kuna wiki nilinuka kafuri mpaka Madame mmoja wa ghorofa ya pili akadhani tunahamisha makabati yaliyowekwa dawa ya nondo.

Siku moja mwezi wa Februari nilipiga magoti kumfunga Papa Inspecteur kamba za viatu. Nilifunga vizuri. Kisha nikataka kuinuka, na mapaja yakakataa. Nikabaki chini. Nikaanza kupapasa zulia.

"Maman, uko nafanya nini?"

"Niko natafuta hereni, papa. Imeanguka."

Akainama kwenye kiti chake, akatafuta nami, mzee wa watu, na mkono wake uliovunjika. Kisha akaniangalia usoni.

"Mbili ziko ku masikio yako. Ya tatu ulikuwa unavaa wapi?"

Nilijivuta kwa kushika kitanda. Yeye akachukua kidaftari chake mezani akaandika kitu, kama alivyoandika kila siku: supu, kelele za lifti, muda wa kengele. Mkaguzi hastaafu.

Jumatatu ya kwanza ya Machi nikaja na ampuli. Nikavunja, nikamimina, midomo, "mmm", nikampa kijiko. Akafunga mdomo.

"Haukumeza."

"Nimeonja, papa!"

"Maman, miaka makumi tatu nilikagua bwalimu. Ninajua muntu mwenye kusoma na muntu mwenye kushika kitabu. Weye uko nashika kijiko. Tangu mwezi wa kumi na mbili ninaangalia koo yako, haitembei. Juu ya nini?"

Basi nikasema sababu ya kweli, kwa hasira kidogo kama mtu aliyekamatwa. "Dawa ni yako, papa. Mie sina lazima nayo. Mie nilikuya na jua yangu ya Bukavu."

"Ah bon? Na mie nilitokea wapi? Mu Norvège, ku barafu?"

Nikabaki nimeshika kijiko.

"Daktari alisema damu yangu iko chini kuliko ya bazee bote ba hii nyumba. Nguo zangu na zako zilikauka ku jua moja. Alors, jua yangu ilienda wapi, Maman? Na yako, ni nani anakuchungia?"

Jamani! Miaka yote ile nilikuwa nimevunja shingo za ampuli mamia kwa mamia, nikafundisha wasichana wapya maana yake, nikajua kila neno. Na sikuwahi kuuliza swali ambalo mzee huyu aliliuliza akiwa na soksi moja. Lakini nilikuwa mwoga. Nikipimwa, itaandikwa, ikiandikwa, Daktari wa Kazi atasoma. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Nikamwambia tutaongea.

"Hatutaongea," akasema. "Usipopimwa damu, mie sinywi."

Nilidhani anatania. Kesho yake, kwenye kikao cha asubuhi, Muuguzi Mkuu akafungua bahasha aliyoikuta kwenye meza yake, akatoa karatasi iliyopigwa mistari kwa rula, akaisoma kwa sauti kabla ya kujua ni nini.

"Ripoti ya ukaguzi. Aliyekaguliwa: Maman Nabintu. Somo: miguu. Kupiga magoti: 18/20. Kuinuka: 4/20. Ngazi: 6/20, anashika chuma kwa mikono miwili na kusema anapanga shuka. Unyoofu mbele ya mkaguzi: tusiandike. Maoni ya jumla: mwalimu hodari, ila hafuati somo analofundisha. Mkaguzi hatakunywa dawa yake mpaka aliyekaguliwa apimwe damu. Nakala: Mkurugenzi, Daktari, Basilika."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi nikacheka kuliko wote, ili kicheko kiishe salama. Muuguzi Mkuu peke yake hakucheka.

"Maman Nabintu," akasema, "chuchumaa."

Nikachuchumaa. Ninyi mmesikia: kushuka ni 18/20.

"Inuka."

Nilijaribu. Nilijaribu tena nikisukuma mapaja kwa mikono. Kicheko kilikatika kimoja kimoja mpaka nikasikia friji ya dawa inavyonguruma. Machozi yakanitoka pale sakafuni mbele ya wenzangu, mwanamke wa umri wangu, na nilisema kile nilichokuwa nakificha: "Madame, msinirudishe nyumbani."

Alikuja mwenyewe akanipa mkono. "Tangu lini?"

"Tangu Oktoba."

"Oktoba iliyopita?"

"Ile ya kabla yake."

Alifumba macho. "Nimekupita kwenye korido hii kila siku," akasema. "Nimehesabu mifupa ya kila mkazi na wewe sikukutazama. Nenda kwa daktari wako leo, si kesho. Bado sijaandika chochote. Nitakapoandika, nitaandika matokeo."

Daktari wangu wa mtaa, kijana mpole, alinitoa damu ya kupima vitu vingi, maana miguu ina sababu nyingi za kulegea. Siku tatu baadaye akanipigia simu niende. Mengine yote yalikuwa sawa. Vitamini D, akasema, ilikuwa chini kiasi kwamba alirudia kusoma karatasi.

"Lakini mimi nimetoka Afrika, dokta! Nimekua juani!"

"Maman, mwili huweka akiba ya miezi, si ya miaka ishirini. Na ngozi nyeusi ni kinga nzuri kwenye jua kali la kwenu. Huku jua ni hafifu, umejifunika mpaka shingoni, unaingia kazini giza na kutoka giza. Ngozi yako inahitaji jua zaidi kuliko ya wale unaowahudumia, na unapata kidogo kuliko wao. Wao angalau wanakaa nje Julai."

"Mimi Julai nafunga mapazia," nikakiri. "Joto."

Akaniandikia dozi ya kuanzia, ya kwangu mimi, kwa wiki alizozihesabu, kisha ampuli moja kwa mwezi, na kupimwa tena. Dozi yenyewe siitaji hapa kwa sababu nawajua: mtaiga. Maman Espérance aliposikia alinunua boksi zima akitaka kunywa kila siku baada ya maombi, eti ikiwa moja inasaidia, thelathini zitaponya. Nililikamata lile boksi kwa mikono miwili. Ikizidi inadhuru figo, na kabla hujaanza unapimwa. Alininunia wiki mbili, kisha akaenda kupimwa kimyakimya, na matokeo yake hajanionyesha mpaka leo, ila sasa anakula samaki wa mafuta kila Ijumaa.

Jumatatu ya kwanza ya Aprili nikapanda kwa Papa Inspecteur na ampuli mbili kwenye sinia: yake yenye jina lake kutoka kigari cha dawa, yangu yenye jina langu kutoka duka la dawa. Nikazivunja zote mbele yake. Nikanywa yangu. Alikodolea macho koo langu mpaka likashuka na kupanda.

"Sasa njo umemeza," akasema, na akanywa yake.

Haikuwa muujiza wa siku moja. Wiki zilipita sioni kitu. Kisha asubuhi moja nilisimama kutoka kiti cha tramu, nikafika mlangoni, ndipo nikagundua kwamba sikuhesabu moja mbili tatu kabla ya kusimama. Nilipitiliza kituo kwa furaha. Mei ikafika. Daktari wa Kazi akasema chuchumaa, nikachuchumaa. Inuka, nikainuka. Nikachuchumaa tena na kuinuka, na tena, mpaka akasema, "Madame, inatosha, nimeona." Muuguzi Mkuu alikuwa ananingoja koridoni, eti anapita tu. Aliposoma ile karatasi, alinikumbatia, kisha akaniambia vitanda vya ghorofa ya pili havijatandikwa. Oktoba iliyofuata alituita wafanyakazi wote na kumtaka kila mmoja akamuulize daktari wake kuhusu mifupa yake mwenyewe. Wapishi pia.

Nilimaliza miaka yangu mitatu nikiwa nimesimama. Siku ya kuagwa kulikuwa na keki, hotuba ya Mkurugenzi wa nyumba ile ya Koekelberg aliyelikosea jina langu, na Papa Inspecteur aliyekataa kuja chini kwa sababu, alisema, hakagui sherehe. Nikidhani amekasirika, nilienda kumuaga chumbani. Alikuwa ametazama dirishani na hakunigeukia.

Mkiniuliza leo kazi ile ilikuwa nini, sitasema ni kunyanyua watu au kuwaogesha. Ilikuwa ni kutazama. Unamtazama mtu mpaka unajua leo hayuko sawa kabla hajajua mwenyewe. Nilidhani nilikuwa hodari wa hilo. Nilitazama watu wote isipokuwa mmoja, na yule mmoja alitazamwa na mzee aliyekuja kutunzwa. Nasema asante kwake waziwazi, kwa sababu wakati ule sikusema.

Nilistaafu Novemba. Jumatatu ya kwanza ya Desemba nilichukua metro mpaka Koekelberg, ampuli yangu mkobani, nikapanda mpaka ghorofa ya tatu kwa miguu. Papa alikuwa amevaa koti na tai. Muuguzi alikuwa amesimama na sinia, amechoka kubembeleza. Tangu asubuhi mzee hataki kunywa. Nikafikiri, haya, tunaanza tena. Nikatoa yangu nivunje, ninywe kwanza, kama tulivyozoea.

Akaninyooshea mkono.

"Apana, Maman. Ile ilikuwa wakati ulikuwa mufanyakazi. Leo umekuya ku nyumba yangu. Uko mugeni."

Akaichukua ampuli yake mwenyewe kwenye sinia. Muuguzi akataka kumsaidia, akamkatalia kwa jicho. Akakigeuza kitone cha rangi kimtazame, akazungushia shashi, akavunja kwa kusukuma nje, barabara. Akaimimina kwenye kijiko, akanywa mbele yangu, polepole, na akanyanyua kidevu ili nilione koo lake likitembea.

Kisha akanisogezea kiti.

"Karibu, Maman Nabintu," akasema. "Kunywa bila woga."